Wanafunzi wafundishwe kuhakiki, si kusoma tu

Mhariri,

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba makala fulani ya kisayansi "imehakikiwa", yaani imepitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, basi, kana kwamba huo ni muhuri wa ukweli. Sivyo. Mhariri wa jarida huchuja kwanza, kisha hupeleka mswada kwa wahakiki wawili au watatu, ambao mara nyingi hawaoni data ghafi. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji ilipita kwenye jarida la kitabibu The Lancet mwaka 1998. Ikaja kufutwa 2010.

Darasani, wanafunzi wapewe mswada ambao bado haujahakikiwa, ila ikisiri (muhtasari wa mwanzoni) na hitimisho viondolewe. Vikibaki, watarudia tu maneno ya mwandishi. Waanze na mbinu na majedwali. Tuseme mbinu zinataja washiriki 60, jedwali linajumlisha 54: sita wameenda wapi? Swali hilo lina uzito kuliko kusahihisha koma kumi, kazi ambayo wanafunzi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi.

Ripoti yao ya uhakiki ianze na muhtasari wa mswada kwa maneno yao, zifuate kasoro kubwa, ndogo mwisho. Kisha wabadilishane ripoti na kujibu hoja moja moja. Hapo ndipo wanapogundua kwamba "utafiti ni dhaifu" haijibiki: taja jedwali, taja kipimo.

Walimu wa mbinu za utafiti