Kwa mvuvi uliyetuokoa Ukerewe

Kaka yangu, jina lako sikulipata, lakini nakushukuru mbele ya watu wote.

Upepo ulipoupindua mtumbwi wetu, nchi kavu ilionekana karibu, na mdogo wangu alikwishaanza kuogelea kuifuata. Sauti yako ndiyo iliyomrudisha: "Usiuache mtumbwi! Mbao haizami!" Ziwa Victoria lina mawimbi ya kumchosha hata muogeleaji hodari, na umbali wa majini hudanganya macho.

Hukutujia kwa pupa. Ulituambia tukae mmoja huku, mmoja kule, tushikane mikono juu ya tumbo la mtumbwi uliopinduka. Hapo ndipo pumzi zilipotulia. Kisha tukaugeuza kwa pamoja. Ukaturushia dumu lililokatwa mdomo, tukakumba maji tungali tumeushikilia kwa nje, maana kuingia mapema kungeuzamisha tena. Mdogo wangu akapandia nyuma, mimi nikiukandamiza upande wa pili usilale.

Na jaketi lako la kuokolea ulimvika yeye, ukabaki bila. Hilo mama hulitaja kila anaposali. Ahsante sana, kaka. Ukipita mwaloni kwetu, karibu nyumbani, anatamani akuone.