Mwanamuziki anayetaka uzamili atafute mshirika kwanza

Mhariri,

Msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, wanamuziki waliomaliza shahada ya kwanza huanza kuulizana wasomee nini zaidi. Jibu la mazoea ni kumtafuta mwalimu mashuhuri wa ala yako na kukaa naye miaka miwili. Anayelenga ajira ya okestra hajakosea akifuata njia hiyo. Ila wapo wanaotaka kuupeleka muziki kwa watu wasiokanyaga ukumbini, tena kuutunga pamoja nao: wagonjwa waliolazwa, wafungwa, wazee waliopoteza kumbukumbu, watoto wa shule, hata wasanii wa fani nyingine. Hao nao wana uzamili wao. Vipeperushi vya vyuo huusifu kwa maneno matamu bila kusema kazi yenyewe ikoje, ndiyo maana tunaomba nafasi katika gazeti lako.

Masomo haya hayakuanza jana. Guildhall School of Music & Drama ya London ilifungua idara ya kuwafunza wanamuziki utendaji na mawasiliano mwaka 1984, chini ya Peter Renshaw. Baadaye vyuo kadhaa vya Ulaya, vikiwemo vya Groningen na The Hague nchini Uholanzi na Chuo cha Sanaa cha Aisilandi kilichopo Reykjavík, viliungana kuendesha uzamili wa pamoja unaohusu hadhira mpya na ubunifu katika utendaji. Ni wa miaka miwili na krediti 120. Kwa mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo mwanafunzi anakabiliwa na saa kati ya 3,000 na 3,600. Hiyo ni kazi ya kutwa. Anayedhani ataendelea na ziara za bendi kila mwisho wa wiki huku akisoma, na apige hesabu hiyo upya, hasa akikumbuka kwamba gereza au wodi haibadilishi ratiba yake kwa sababu mwanamuziki yuko safarini.

Kinachoangusha maombi mengi ni mpangilio wa mawazo. Mwombaji huandika kwanza anachotaka kupiga, mwishoni ndipo anatafuta nani atasikiliza. "Nitawafikishia vijana muziki wa kale" haielezi ni vijana gani, wanakutana wapi, siku gani, na nani ana ufunguo wa chumba. Tunashauri kinyume chake: miezi sita au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, tafuta taasisi moja tu itakayokuwa mshirika wako na uzungumze na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye mamlaka ya kuruhusu. Wa pili ni yule atakayekuwa chumbani siku ya kazi. Ni nadra hao kuwa mtu mmoja, na miradi mingi hufa kwa sababu mkurugenzi alikubali lakini muuguzi wa zamu hakuambiwa. Barua ya mshirika itaje siku na saa, idadi ya washiriki, cheo cha mfanyakazi atakayekuwepo, na kile ambacho taasisi inatarajia kupata. Barua ya "tunaunga mkono juhudi hizi" haina uzito wowote mezani.

Pamoja na barua hiyo, ambatanisha video ya dakika kumi isiyokatwa inayokuonyesha ukifanya kazi na kundi. Video ya tamasha iliyohaririwa vizuri inaonyesha kwamba unajua kupiga, jambo ambalo shahada ya kwanza tayari imelithibitisha. Isiyokatwa inaonyesha unachofanya kundi linapokwama. Jiandae pia kwa usaili ambao unaweza kukutaka upige papo kwa papo na watu usiowajua, bila noti. Wapigaji hodari hufeli hapo kwa sababu wanajaza kila nafasi.

Sasa tuingie chumbani. Chukua warsha ya saa moja yenye watu 20 hivi, wachanga na wazoefu, ala mchanganyiko. Kiongozi mmoja na wanamuziki wawili wa kumsaidia wanatosha. Wakizidi, wataalamu huanza kupigiana wenyewe kwa wenyewe. Viti vikae duara, bila stendi za noti katikati. Dakika 10 za mwanzo ala haziguswi: ni makofi, sauti na kupokezana mdundo. Dakika 15 zinazofuata ni za kukusanya mawazo ya washiriki, 20 za kuyafanyia kazi katika vikundi vidogo, na 15 za kuunganisha.

Kwenye kuunganisha ndipo warsha nyingi huporomoka, na chanzo ni cha kiufundi kabisa. Mwanafunzi mchanga wa fidla anastarehe kwenye nyuzi wazi za D na A. Wa klarineti na tarumbeta anastarehe kwenye B flati (flati hushusha noti nusu hatua, shapu huipandisha) na F. Klarineti na saksafoni huandikiwa noti tofauti na ile inayosikika, kwa hiyo ukichagua ufunguo wa D meja ili kumridhisha wa fidla, wa klarineti anajikuta kwenye E yenye shapu nne, na wa saksafoni alto kwenye B yenye shapu tano. Dakika kumi za muda wako zinakwenda na maji na mtu mmoja ameshakata tamaa. Njia rahisi ni noti tano: D, F, G, A na C. Fidla inapata nyuzi wazi tatu, yaani G, D na A. Klarineti inapiga E, G, A, B na D, bila shapu wala flati. Saksafoni alto inapiga B, D, E, F shapu na A, shapu moja tu. Selo au besi inashikilia D chini muda wote. Noti hizo tano hazina nusu toni (umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili, unaokwaruza sikio) baina yao, kwa hiyo hata anayepotea hasikiki akigombana na wenzake. Andika kila safu kwenye karatasi kubwa yenye jina la ala, uibandike ukutani kabla watu hawajaingia. Atakayekuja na ujuzi wa noti mbili apewe noti mbili, na sehemu yake isikike kweli, isifunikwe na wataalamu.

Kosa jingine ni la kiongozi anayefika na wimbo mfukoni. Anauliza maswali, anapokea majibu, kisha kwa njia za kuzungukazunguka anawarudisha washiriki kwenye wimbo wake. Watu hulijua hilo haraka, watoto haraka zaidi, na kuanzia hapo wanakuwa kwaya yake. Ukiuliza swali, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kulijibu wewe mwenyewe. Kimya cha sekunde kumi kinamtesa mwanamuziki, lakini mara nyingi ndani yake ndimo wazo hutoka.

Wodini mambo ni tofauti kabisa. Mjini Groningen wanamuziki wamekuwa wakipiga muziki vitandani mwa wagonjwa pamoja na hospitali ya chuo kikuu, na London mradi wa Music for Life, ulioanzishwa na Linda Rose mwaka 1993 na baadaye kuendeshwa na ukumbi wa muziki wa Wigmore Hall, umewahusisha wanamuziki na watu wenye dimenshia, yaani waliopoteza kumbukumbu, pamoja na wahudumu wao. Wanamuziki watatu ni kundi la kutosha. Muuguzi ndiye anayebisha hodi na kuomba ridhaa, kwa kuwa mgonjwa humwogopa mwanamuziki aliyeshika ala mlangoni na kukubali kwa aibu. Dakika 10 hadi 15 kwa chumba zinatosha. Mwongozo wa kelele wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka wastani wa desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ndani ya vyumba vya wagonjwa, ilhali fidla ikipigwa kawaida hupita 80 kwa mpigaji mwenyewe. Maana yake ni muziki mfupi na laini: kiziba sauti kwenye fidla, upinde mwepesi, na kuta ngumu za wodi kuzingatiwa. Usafi nao si wa kupuuza. Kila ala ipanguswe kati ya chumba na chumba, na ala za kupuliza zinaweza kukataliwa kabisa na kitengo cha kudhibiti maambukizi, kwa hiyo uliza kabla hujapanga kundi. Na mhudumu ahusishwe katika muziki, asiachwe mlangoni kama mlinzi. Nyinyi mtaondoka, yeye atabaki na mgonjwa.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikumbuka siku ya onyesho la mwisho, nalo ni mwenye mali. Kipande kilichotungwa na wanamuziki wanne na washiriki 20 kina watunzi wangapi? Msipokubaliana kwa maandishi tangu kikao cha kwanza, huwezi kukisajili wala kukitoa kwenye rekodi bila mgogoro. Kwa kazi ya pamoja, muda wa hakimiliki huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi wa mwisho, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya hapo. Jina lililosahaulika leo litakuja kudaiwa na wajukuu. Weka daftari la kila kikao: tarehe, waliokuwepo, nani alileta nini. Ridhaa ya kupigwa picha na video ni karatasi tofauti, na mtu awe na haki ya kukubali muziki na kukataa kamera. Kwa watoto saini ni ya mzazi au mlezi.

Bajeti tutaipitia kwa ufupi. Wanafunzi huandika malipo ya wanamuziki, ukumbi na matangazo, wakasahau nauli za washiriki, bima ya ala, saa za mfanyakazi wa taasisi mshirika na akiba ya dharura, ambayo sisi tungeiweka asilimia 10. Nauli ndiyo huua mradi. Mshiriki asiyerudi kikao cha tatu mara nyingi hajachoka na muziki, amekosa hela ya usafiri.

Tathmini nayo imezoea kuhesabu vichwa. Okestra na vikundi vya Uingereza vimeonyesha kwamba mahali tu panaweza kubadilisha nani anakuja: Orchestra of the Age of Enlightenment ilianza maonyesho yake ya usiku ya The Night Shift mwaka 2006, yakafika hadi kwenye baa, na Multi-Story Orchestra imekuwa ikipiga katika jengo la maegesho ya magari mtaa wa Peckham, London, tangu 2011. Lakini aliyekuja mara moja kwa sababu ya mahali pa ajabu bado si hadhira yako. Hesabu waliorudi. Usiulize "umefurahia?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Uliza wangependa kibadilishwe nini, na ulipeleke swali hilohilo kwa taasisi mshirika miezi mitatu baadaye, wakati shamrashamra zimekwisha.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwombaji akiandikie chuo maswali haya. Mwanafunzi anapewa mlezi binafsi, na anakutana naye mara ngapi kwa muhula? Mshirika wa nje ana sauti katika alama za mradi wa mwisho, au ni walimu tu? Je, kuna fungu la fedha la miradi, na linafunguliwa mwezi gani? Somo la ala linaendelea au linakatwa? Chuo kikijibu kwamba washirika hutafutwa baada ya usajili, uliza ni wanafunzi wangapi wa mwaka uliopita waliomaliza kwa wakati.

Ni sisi wasomaji wako,
wanamuziki na walimu wa muziki