Siku ya kwanza Brands Hatch: anza na breki ya mbele

Baridi ikipungua tu, simu za gereji yetu hapa kusini-mashariki mwa London huanza kuuliza swali moja. Mtu amejiandikisha siku ya mazoezi ya pikipiki Brands Hatch, uwanja wa mbio ulioko Kent, kundi la wanaoanza, na anataka kujua abadili nini: eksozi, sproketi au injini iongezwe nguvu. Wengi wanaouliza ni ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo, watu walioendesha miaka mingi kabla ya kuja Uingereza. Tunawajibu hivi: nguvu uliyonayo inatosha na inabaki. Pesa yako iweke kwenye breki na tairi, na siku yenyewe uitumie kujifunza kitu kimoja ambacho barabara haikukufundisha, yaani kuachia breki ya mbele taratibu.

Kwanza tuelewane siku yenyewe ikoje. Si mashindano, na kwa kawaida hakuna ruhusa ya kupima muda wa mzunguko. Watu hugawanywa makundi matatu kwa uwezo, kila kundi likiingia uwanjani kama dakika 20 kwa saa, kwa hiyo ukiwa na bahati ya hali ya hewa unapata vipindi sita au saba. Asubuhi kuna mkutano wa kuelezwa bendera na taratibu za kupitana, halafu mizunguko ya mwanzo mnafuata walimu bila kupitana. Bima yako ya barabarani mara nyingi haihusiki humo ndani; isome kabla hujaondoka nyumbani.

Njia fupi ya Brands Hatch, inayoitwa Indy, ni kama kilomita 1.9 tu. Usidanganyike na ufupi wake. Ukimaliza eneo la kuanzia unakutana na Paddock Hill, kona ya kulia ambayo mwisho wake huuoni: barabara inakunja huku inadondoka chini ghafla. Kutoka bondeni unapanda Hailwood Hill, kilima chenye jina la Mike Hailwood, bingwa wa dunia mara 9, na juu yake kuna Druids, kona ya kulia iliyojikunja karibu kurudi ulikotoka. Unateremka tena hadi Graham Hill, kona ya kushoto. Baada ya hapo ni Surtees kushoto, McLaren kulia, na ile kona ndefu ya Clearways inayokurudisha mwanzo.

Sasa turudi kwenye breki, maana hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kati ya mtu aliyejifunzia nyumbani na wenzake. Aliyeanzia kwenye bodaboda, tena kwenye barabara ya vumbi na kokoto, amefundwa kuiogopa breki ya mbele, na alikuwa na haki ya kuiogopa: ukiikamata kwenye changarawe inakulaza. Kwa hiyo mguu wa kulia, unaokanyaga breki ya nyuma, ndio uliofanya kazi yote. Na kwenye mteremko wengi tuliweka fri ili mafuta yafike jioni. Tabia hizo zilimweka mtu hai kule. Kwenye lami safi ya Kent, na pikipiki yenye injini ya cc 600, zinamponza.

Ukibana breki ya mbele, uzito wa pikipiki unahamia mbele, shokapu za mbele zinazama, na tairi inakandamizwa chini. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha, wakati gurudumu la nyuma limebaki jepesi. Hilo wengi wanalijua. Kisichojulikana sana ni kinachotokea unapoiachia. Ukiachia kwa mara moja, shokapu zinaruka juu, tairi ya mbele inapoteza ule mkandamizo, na pikipiki inakwenda nje ya mstari uliokusudia kupita wakati wewe ndiyo kwanza unataka ikunje. Mwendeshaji anahisi kwamba ameingia kwa kasi mno. Mara nyingi kasi haikuwa tatizo kabisa. Vidole vilifunguka haraka. Ukiachia kidogo kidogo huku unalaza, mbele inabaki imezama na pikipiki inakunja yenyewe kwa urahisi wa kushangaza.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara: kilichokwisha kulipia kodi ya nyumba hakiwezi kununua unga. Tairi iliyosimama wima inaweza kutumia mshiko wake wote kupunguza mwendo. Kadiri unavyoilaza, sehemu kubwa zaidi inakwenda kwenye kukunja, kwa hiyo breki lazima ipungue kwa kiasi hicho hicho.

Zoezi tunalowapa wateja ni hili. Chagua sehemu ya kuanza kubana breki kabla ya Druids, kwa sababu pale unapanda na kilima kinakusaidia kupunguza mwendo. Sehemu hiyo iwe mapema kuliko unavyodhani, na usiibadilishe asubuhi nzima. Bana kwa kukaza polepole, usikamate. Halafu kila mzunguko shughulika na kuachia tu: refusha muda wa kuachia, lainisha vidole, mpaka ufike katikati ya kona mkono ukiwa umeishia kugusa tu. Ukiona unafika pale huna la kufanya, pikipiki inajikokota bila breki wala mafuta, hapo ndipo umepata nafasi ya kuongeza kasi kidogo ya kuingilia. Anayeanza kwa kuchelewesha breki anajifunza hofu, na hofu inakaza mikono.

Paddock Hill iache iwe ya mwisho kuiongezea kasi. Pale mteremko unaipunguzia tairi ya mbele uhakika, na anayeingia huku amekamata klachi au ameweka fri anakuwa na pikipiki isiyo na utulivu wowote. Maliza kubadilisha gia kabla hujalaza, usikodolee lami iliyo mbele ya tairi, na ukishakata kona tafuta bondeni unakokwenda. Macho yakikwama karibu, kila kitu kinaonekana kasi.

Jambo moja la uwanja huu ambalo wageni hawaambiwi vya kutosha: kona nyingi ni za kulia. Upande wa kushoto wa tairi unabaki baridi muda mrefu, na kona ya kwanza ya kushoto unayokutana nayo ni Graham Hill, baada ya kuteremka. Asubuhi yenye ubaridi, ingia pale kwa adabu kwa mizunguko kadhaa hata kama kulia unajisikia vizuri.

Kuhusu goti kugusa chini ukilaza kwenye kona, tunaombwa ushauri karibu kila wiki. Usilitafute. Kaa na nyayo za mbele kwenye pegi za kukanyagia, bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, na peleka kifua kidogo upande wa ndani wa kona. Goti litafika siku mwili na mwendo vikielewana. Tumeona wanaolilazimisha wakiilaza pikipiki kupita ilivyohitajika, kwa kasi ile ile ya aliyekaa sawa.

Omba mwalimu. Waandaaji wengi wanao, na ukijiandikisha mapema asubuhi atakufuata, kisha akupitie akuonyeshe mstari. Kipindi kimoja nyuma yake kinazidi siku nzima ya kufukuzana na rafiki. Na kunywa maji. Ndani ya suti ya ngozi unatoka jasho hata siku ya mawingu. Ukichoka, kipindi cha mwisho kiache.

Sasa upande wetu. Pikipiki ikija kwa ukaguzi wa siku ya uwanjani tunaanza na mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu wa hewani, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa yakishafyonza ni nyuzi 155. Barabarani huwezi kugundua. Uwanjani, baada ya dakika kumi za kubana na kuachia, yanachemka na mkono wa breki unakwenda mpaka kwenye kishikio. Mteja mmoja lilimkuta hilo akiwa anapanda Druids. Aliokolewa na kilima. Kwa hiyo kama mafuta yana zaidi ya mwaka, tunayabadilisha.

Pedi za breki zikibaki chini ya milimita 3 tunatoa. Kina cha mikato ya tairi, sheria ya hapa inaruhusu milimita 1 kwa pikipiki ya zaidi ya cc 50, lakini kwa uwanjani sisi tunataka 3, na tairi isiwe imezeeka. Upepo tunaupunguza kwa sababu tairi ikipata moto shinikizo linapanda: kwa tairi nyingi za spoti za barabarani tunaanzia karibu PSI 30 hadi 32, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na kupima tena ukitoka uwanjani. Tunarekebisha shokapu kwa uzito wako ukiwa umevaa suti, tunakaza cheni, tunafunga taa kwa tepu na kutoa vioo. Eksozi iliyotolewa kizibo cha sauti tunakushauri ukirudishe, kwani kelele hupimwa asubuhi na ukizidi kiwango huingii.

Tuletee pikipiki wiki moja kabla, ili kipuri kikikosekana kipate muda wa kufika. Bei tunakutajia kabla ya kushika spana. Suti iwe ya ngozi, ya kipande kimoja au viwili vinavyofungwa pamoja kwa zipu. Kama huna, tuulize, tunajua wanaokodisha. Na kama unarudi nyumbani ukiendesha pikipiki hiyo hiyo, rudisha vioo na upepo wa tairi kabla ya kutoka getini.