Barua kwa Kazungu, kuhusu ile darubini

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni

Sahibu yangu Kazungu,

Hujambo? Mama hajambo, na watoto? Sisi huku Mji wa Kale tu wazima. Kusi limeshaanza kuvuma kwa nguvu, vyombo vingi vimefungwa na samaki sokoni hashikiki kwa bei. Baba anakusalimu. Anasema umemsahau tangu upelekwe Bamba, huko Ganze.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi usiku, nikausoma mara tatu. Unasema siku hiyo mama mmoja alitoka kwake alfajiri akakufikia hapo dispensari saa tano, mtoto mgongoni, na ulipompima mkono utepe ukasoma sentimita 10.8. Jioni yake ukakaa kwenye benchi kupumzika, ukafungua simu, ukakutana na picha za James Webb, ile darubini ya kutazama nyota iliyorushwa angani, na gharama yake: dola bilioni 10. Ukaniandikia, "Athumani, wewe ndiwe mwalimu wa fizikia. Niambie kama hiyo ni haki." Sikukujibu usiku ule kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwa mistari miwili, na kwa sababu lilinichoma.

Nianze na huo utepe. Umeushika mara nyingi mpaka pengine huuoni tena. Kijani, manjano, nyekundu, na nyekundu, yaani utapiamlo mkali, inaanzia chini ya 11.5. Nani aliyejua kwamba ni 11.5, si 11 wala 12? Kuna watu walioshinda miaka wakipima mikono ya watoto katika nchi zenye njaa na kuandika nani alipona na nani alizikwa, hadi mpaka ule ukajulikana. Halafu ile pakiti uliyompa mama yule aende nayo nyumbani. Zamani mtoto aliyedhoofika vile tiba yake ilikuwa maziwa maalumu ya unga, yanayotaka maji safi na kulazwa wodini. Kwenye nyumba inayochota maji silangani, kwenye bwawa la mvua, maziwa hayo yangekuwa sumu. Mwaka 1996 daktari Mfaransa, André Briend, akishirikiana na Michel Lescanne, alipata njia ya kuyaweka maziwa, sukari na vitamini ndani ya siagi ya njugu bila tone la maji, vijidudu vikakosa pa kuzalia. Ndiyo Plumpy'Nut hiyo. Mama anairarua kwa meno chini ya mwarobaini na mwanawe anakula.

Najua utasema hiyo ni sayansi ya tumbo, na wewe umeniuliza ya nyota. Nitafika. Lakini kwanza nikukumbushe jambo alilotusimulia mama yako, tukiwa kidato cha pili, tumekaa ukumbini kwenu tunakula mhogo.

Alisema kulikuja watu wa utafiti na neti za mbu zilizotiwa dawa. Kijiji cha ng'ambo ya bonde wakapewa. Nyinyi hamkupewa. Mama yako akaenda kuuliza kwa nini, akaambiwa vijiji vimegawanywa kwa kura, vingine vipate sasa na vingine vingoje, ili ijulikane kama neti zinaokoa watoto kweli. Bado nausikia ule uchungu wa sauti yake: "Wanangoja waone wa nani watakufa." Mdogo wako alikuwa na umri wa kunyonya wakati huo.

Miaka hii yote sijawahi kuwa na jibu la kumpa mama yako, na sina hata leo. Ila nimesoma kilichotokea baadaye. Utafiti ule wa Kilifi wa kati ya 1993 na 1995 ulionyesha kwamba pale penye neti vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi. Theluthi, Kazungu! Matokeo hayo, pamoja na mengine kama hayo kutoka Gambia na Ghana, ndiyo yaliyowanyamazisha waliokuwa wakisema neti ni kupoteza pesa na kwamba watu watazifanya nyavu za kuvulia. Leo kila mama mja mzito anayekuja kliniki kwako unampa neti bila kuomba ruhusa ya mtu. Wale waliongoja bila neti walilipa sehemu ya gharama ya ruhusa hiyo. Kwa hiyo ninapokwambia utafiti ni wa haki, usidhani nimesahau ni nani anayeubeba mzigo wake. Kuna gharama za dola na kuna gharama za mama yako, na za pili huwa haziandikwi popote.

Sasa nyota.

Nimepiga hesabu ubaoni mbele ya wanafunzi wangu. Darubini ile imetengenezwa kwa zaidi ya miaka ishirini, ikarushwa tarehe 25 Desemba 2021. Mwaka 2023 pekee dunia ilitumia takriban dola trilioni 2.4 kwa majeshi na silaha. Gawanya kwa siku 365, unapata kama dola bilioni 6.7 kwa siku. Darubini nzima, kazi ya miaka ishirini, ni silaha za siku moja na nusu. Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, kama wasingeijenga, pesa hizo zingekuja kwetu?" Nikamwambia hapana, zisingekuja. Njaa ya Ganze haikuletwa na mtu anayetazama mbinguni.

Lakini hoja hiyo ina tundu, nalo nimeliona kabla hujalionyesha. Jirani akichoma magunia kumi ya mahindi, hainipi mimi ruhusa ya kuchoma pishi moja. Kwa hiyo sitaiegemea. Wala sitajitetea kwa vile vitu vinavyosemwa kila siku, kwamba kutokana na safari za angani tumepata hiki na kile. Ukitaka sufuria, nunua sufuria. Huhitaji kwenda mwezini kwanza.

Hoja yangu ni nyingine, na tuliipata pamoja mimi na wewe. Unaikumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004? Tulikuwa tumetoroka kwenda kuogelea bichi ya Jomo Kenyatta, watu tele kwa ajili ya sikukuu, wewe umeazima kaptula yangu. Askari wakaja wanapiga kelele watu watoke majini. Tulikasirika. Ulisema wanataka hongo. Tukasimama juu barabarani tukaona maji yanarudi nyuma kwa wakati usio wake, yakaacha mwamba wazi, kisha yakaja tena kwa kasi ambayo si ya bamvua. Baba yangu, aliyezaliwa na bahari, alisema hajaona maji ya namna hiyo.

Ilikuwa tsunami. Tetemeko lilikuwa limepiga karibu na Sumatra kabla ya alfajiri kwa saa zetu. Sisi tulikuwa mbali, habari ilitangulia mawimbi, na Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia, hapo jirani tu, walikufa karibu 300. Kuizunguka Bahari ya Hindi yote walikufa zaidi ya 220,000, wengi wao bila kuambiwa neno hata moja, ingawa wengine walikuwa na saa mbili nzima kabla maji hayajawafikia. Kule Pasifiki kituo cha kuonya kimekuwepo tangu 1949. Kwetu hakukuwa na mtandao kama huo. Vipima mawimbi vya kuzama baharini ni ghali, na kabla ya siku ile ungemwambia mtu yeyote tununue mitambo ya kusikiliza sakafu ya bahari, angekuuliza swali lile lile uliloniuliza mimi: na watoto wenye njaa je? Lingekuwa swali la heshima. Na watoto wenye njaa ndio waliokuwa ufukweni.

Hapo ndipo ninaposimama, sahibu. Tajiri anaweza kuishi bila kujua. Ana bima, ana gari la kukimbilia, ana nyumba ya pili. Maskini ana kujua tu. Tazama Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, ng'ambo ya daraja. Watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanakohoa, mimba zinaharibika, na kila wakilalamika wanaambiwa ni maneno tu. Phyllis Omido alianza kupigana baada ya mwanawe mwenyewe kuugua na madaktari kutafuta malaria na homa ya matumbo, mpaka damu ilipopimwa madini ya risasi. Kwenye karatasi ya maabara pakawa na tarakimu. Tarakimu haiogopi askari wala haihongeki kwa urahisi. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kupanda miaka mingine baada ya hapo, na wako waliokufa wakingoja. Lakini bila chombo cha kuona risasi ndani ya damu, hata kesi isingekuwepo. Na chombo hicho kimetokana na watu walioanza kuchungulia mwanga wa madini yanapoungua, kwa hamu tu ya kujua, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Walipokuwa wakifanya hivyo, watoto wa London na Manchester walikuwa wakilala njaa. Nani angewatetea watafiti hao?

Halafu kuna jambo linaloniumiza kwa upande wa pili, na nimekusudia kukwambia kwa muda mrefu.

Likizo iliyopita nilikwenda Ngomeni na baba, tukapata mashua ya kutupitisha karibu na yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Wataliano wa San Marco, mradi wao wa anga, walirusha setilaiti pale kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, ikaruka setilaiti ya Wamarekani, nao wakaipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei zitokazo angani tu. Ikaorodhesha vyanzo 339, na kazi yake ndiyo iliyowafanya wataalamu waanze kuamini kweli kwamba kile kitu kilichoko kwenye kundi la nyota la Cygnus ni shimo jeusi, kitu kizito kisichoachia hata mwanga. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yote hayo yaliondoka kwenye maji yetu, kwa jina letu. Mimi nimesoma pwani hii tangu chekechea na hakuna mwalimu aliyenitajia. Nilikutana nayo chuo kikuu, ndani ya kitabu kilichochapishwa ng'ambo. Nilisimama kwenye mashua ile nikashika nguzo yenye kutu, na machozi yakanitoka. Baba alidhani ni chumvi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama fedha za utafiti zinapotea bure, nitakujibu kwamba zinapotea pale ambapo mtoto wa Ngomeni anauza maji ya madafu kwa wahandisi na haitwi ndani hata siku moja. Tarehe 15 Aprili 2023, iliporushwa Taifa-1, setilaiti yetu ndogo ya shilingi milioni 50 ya kutazama mashamba na ukame, nilisikia watu wakisema tungejenga madarasa. Mimi nilifurahi. Si kwa chombo chenyewe, ambacho ni kidogo. Ni kwa sababu vijana wa Kenya ndio waliokichora. Zile safari za mabilionea kwenda kuelea dakika chache na kurudi sizihesabu hata kidogo, hayo ni matembezi.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa nikikuandikia nimemkumbuka bibi yako, aliyekuwa akitutoa nje usiku kutuonyesha Kilimia, lile kundi la nyota, na kutuambia, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hakuwa na shibe, bibi yule. Miaka mingine alikuwa akila mara moja kwa siku. Na alizijua nyota kuliko mimi mwenye shahada, kwa sababu alikuwa na shamba la kupanda na asiposoma mbingu angekufa na watoto wake. Mvua za sasa hazimtii tena Kilimia, unajua mwenyewe. Misimu mitano mfululizo ilikatika kuanzia mwisho wa 2020. Mrithi wa bibi yako ni setilaiti inayopima joto la bahari na kusema miezi kabla kwamba vuli haitakuja. Ukame ule ulipotabiriwa, tahadhari zilitolewa, na malori ya chakula yakachelewa vilevile. Hapo nitakasirika pamoja nawe usiku kucha. Aliyejua na hakutuma lori, huyo ndiye nataka tumwandikie.

Chama cha sayansi shuleni kwangu kinakutana kila Jumatano. Njoo siku moja na utepe wako, uwaonyeshe unavyoshikwa. Yule msichana wa kiti cha nyuma anakungoja, nimeshamwambia habari zako, ana maswali kuliko wewe.

Na huyo mtoto utampima tena Ijumaa. Nitumie tarakimu, hata kama ni usiku.

Wako,
Athumani