Tusihuishe mikataba ya mashamba yenye dhahabu kwa mazoea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye mashamba wenzangu wa Mkoa wa Geita, na wa kwingineko Kanda ya Ziwa, ambao ardhi zao zimo ndani ya leseni ndogo za uchimbaji wa dhahabu. Leseni hizo hudumu kwa miaka 7, na inapokaribia kuisha, mwenye leseni hurudi kwa mwenye shamba akiwa na karatasi ya kuhuisha makubaliano, mara nyingi ikiwa imekwisha kuchapwa na kinachosubiriwa ni sahihi au dole gumba tu. Kwetu karatasi hiyo imeshaletwa, na ukoo umegawanyika. Wapo ndugu wanaotaka tusaini upesi kwa kuwa mgao wa mawe yenye dhahabu ndio uliosomesha watoto, na wapo wanaotaka tukatae kabisa wakiamini kwamba tukikataa, dhahabu itabaki kuwa yetu.

Hao wa pili nawaelewa uchungu wao, lakini hoja yao haina msingi. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, madini yote ni mali ya umma, yakiwa chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi, na hati ya shamba, hata iwe ya kimila iliyotolewa na kijiji, haimpi mtu umiliki wa kilichomo chini. Tulicho nacho ni ridhaa. Sheria hiyo inamzuia mwenye leseni kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya kuishi, au ndani ya mita 50 kutoka ardhi iliyolimwa au kuandaliwa kwa mazao, bila kibali cha maandishi cha mmiliki halali. Hata hivyo, ridhaa inayonyimwa bila sababu ya msingi inaweza kuwekwa kando na mamlaka. Kwa hiyo nguvu ya mwenye shamba imo katika masharti anayoyaweka kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo atabaki kuomba kwa miaka mingine 7.

Sharti ninalolipigania zaidi nyumbani kwetu linahusu marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kukamatwa. Mkataba unaoisha unasema kwamba mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, katika kila mifuko 10 sisi tunapata mmoja. Basi, umeishia hapo. Mifuko inayobaki husagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, palepale shambani, unga wake ukaoshwa kwenye mwalo, yaani ubao wa mteremko wa kuoshea, na dhahabu ikakamatwa kwa zebaki, kisha mchanga uliobaki hutupwa pembeni kama uchafu. Kila mchimbaji anajua kuwa huo si uchafu, maana zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga, na ndiyo sababu wenye mitambo ya kuchenjua, yaani kutoa dhahabu, kwa kemikali ya sayanaidi huja na malori kuununua. Kwetu kilima cha marudio kimekua mpaka kimefunika eneo alilokuwa akilima mihogo mama yetu, na malori yamekuwa yakikichota bila familia kupata hata senti moja, kwa jibu kwamba mkataba unataja mawe tu. Jibu hilo linauma, lakini kwa maandishi tuliyoyasaini ni sahihi, na mkataba mpya ukinyamaza tena kuhusu marudio, litakuwa sahihi vilevile.

Mgao wa mifuko nao una udhaifu wake, kwa kuwa anayechagua mfuko wa mwenye shamba ndiye anayejua jiwe lipi lina dhahabu na lipi ni magwangala, yaani mawe yasiyo na kitu. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, mauzo halali huandikwa uzito na bei, na Serikali hukata mrabaha, yaani sehemu yake ya thamani ya madini, hapohapo. Sioni kwa nini asilimia ya mwenye shamba isihesabiwe kwa nyaraka hizohizo.

Kuhusu mashimo sitaki kurefusha, ingawa mtu aliyewahi kutafuta ndama usiku katikati ya maduara yaliyoachwa wazi, matimba yake, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yakiwa yameoza, ataelewa kwa nini nalitaja. Kanuni za mazingira kwa wachimbaji wadogo za mwaka 2010 zinamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kulinda mazingira. Mwenye shamba auombe mpango huo, asomewe kwa Kiswahili, na ufukiaji wa kila duara lililokwisha uandikwe katika mkataba pamoja na muda wake, kwani duara lililoachwa lisubiri leseni iishe halifukiwi na mtu.

Naziomba ofisi za madini za mikoa zisipokee ridhaa ya mwenye shamba kabla ya kujiridhisha kwamba yeye na mwenzi wake wamesomewa kila kifungu na kupewa nakala. Kwa upande wetu, nimewaambia ndugu zangu kwamba niko tayari kusaini iwapo marudio, nyaraka za soko na ufukiaji wa maduara vitaandikwa. Visipoandikwa, sitasaini, na sababu zangu nitazipeleka kwa maandishi kwa ofisa madini ili asije akaambiwa kwamba familia imekataa bila sababu.

Mwenye shamba,
Geita