Barua kwa mwanangu: dawa yako ya kucheka

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu Mwanaisha,

Sisi hatujambo. Mzigo wako nimeupakia kwenye basi la usiku: kashata za nyanyako, na chini kabisa, ndani ya kile kikopo cha maziwa, dawa za miezi miwili. Nina langu la kusema, na kwenye simu huwa wanikatiza kwa "sawa baba".

Juzi ulimwambia mamako kwamba narkolepsi yako, huu ugonjwa wa kusinzia mchana na kulegea mwili ukicheka, haijakuangusha hata mara moja kwa miezi minne, kwa hivyo wafikiria kuacha zile kapsuli za venlafaksini. Hujaanguka kwa sababu wazimeza! Umesahau Ramadhani ile ya kidato cha nne? Uliziacha kimyakimya, eti daku wala ukisinzia. Siku ya tatu magoti yakaanza kulegea. Ya tano hukuweza kuinuka mkekani. Ukipata nafuu, ukitabasamu kidogo tu, walegea tena. Nilikulisha uji kwa kijiko. Daktari akatwambia dawa hii ikikatwa ghafla, kuanguka hurudi kwa kishindo, kumoja juu ya kwingine. Hupunguzwa kidogo kidogo, naye akijua.

Ugonjwa wenyewe waujua kunishinda: seli za ubongoni zinazotengeneza oreksini, ile kemikali ya kumweka mtu macho, zimekufa, na hakuna tembe ya kuzirudisha. Wataalamu wenyewe waliliona hilo kwenye ubongo wa binadamu mwaka 2000, basi usiwalaumu sana waliokupa fenobabitoni wakidhani ni kifafa. Jirani alisema jini, mwalimu akasema uvivu. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia kwamba huanguki ila ukichekeshwa, na ukiwa chini wasikia kila neno. Nikanyamaza.

Wanijua mimi na visa vyangu. Kwenye arusi ya mjombako nilileta kile cha nahodha na mbuzi. Mara nikaona kidevu chako chashuka, kope zachezacheza, kikombe cha kahawa kikakuponyoka, ukaenda chini polepole kama kanga iliyoteleza kambani. Watu bado wacheka. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa kama ya matanga, mwaka mzima hakuna aliyethubutu kukuchekesha. Kapsuli zile ndizo zilizonirudishia ulimi.

Modafinili ni ya kukuzuia kusinzia tu, haizuii kuanguka, kwa hivyo usiseme moja yatosha. Imeze asubuhi, na mchana ulale zile dakika 20 zako. Wenzako wa hosteli wakikuomba "moja tu" ya kukeshea mtihani, wanyime hata wakununie. Jino likikuuma, usipokee tramadoli dukani kabla hujamwonyesha mfamasia venlafaksini yako. Hizo mbili zikikutana zaweza kukudhuru. Na kila ukienda kliniki wakupime presha, maana kapsuli hizo huweza kuipandisha. Kuna jingine naona haya kuliandika, mamako kanilazimisha: siku ukiolewa, ujue modafinili hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi. Muulize daktari. Nimeshasema.

Shangazi yako wa London ameuliza tena habari ya ile dawa ya maji, oksibeti. Wainywa ukiwa kitandani, kisha waamshwa na kengele baada ya saa 2 na nusu hadi 4, unywe tena. Hupunguza kusinzia mchana na kuanguka pia, lakini imejaa chumvi, na bei yake tungeuza nyumba. Nimemshukuru.

Ukija Disemba nina kisa kipya cha yule nahodha. Mamako amekisikia, akamwaga chai. Wewe utakaa mkekani kwanza, uegemee ukuta, ndipo nianze.

Babako