Vitabu vya uwekezaji vipo, msomaji wa Kiswahili asiachwe nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonigusa kama mwalimu wa hesabu za biashara na mwanachama wa kikundi cha akiba. Karibu kila wiki naulizwa asome nini mtu anayetaka kupima thamani ya kampuni kabla ya kununua hisa zake, badala ya kufuata maneno ya mtaani.

Mimi huanza na kitabu cha Benjamin Graham, mwekezaji na mwalimu wa Marekani, kiitwacho The Intelligent Investor, kilichotoka mwaka 1949. Ni kinene, na mifano yake mingi ni ya kampuni za Marekani za zamani, kwa hiyo namwelekeza mtu kwanza kwenye sura ya 8 na ya 20, ambazo Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani aliyefundishwa na Graham katika Chuo Kikuu cha Columbia, amezisifu kuliko zote. Sura ya 8 inalieleza soko kama mbia anayekuja kila siku na bei mpya, leo ana furaha, kesho ana hofu, nawe hulazimiki kumkubalia. Sura ya 20 inasisitiza kununua kwa bei iliyo chini sana ya thamani uliyoikadiria, ili hata ukikosea hesabu usizame. Majirani zetu wa Kenya wameona jinsi bei zinavyoyumba: hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, zikashuka chini ya bei hiyo ndani ya miezi michache, mwaka 2021 zikapita 40, na mwaka 2023 zikarudi chini ya 20.

Baada ya hapo zifuate barua za Buffett kwa wanahisa wa Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji aliyoiongoza, ambazo kuanzia ile ya mwaka 1977 zinapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni hiyo. Amewahi kueleza kwamba alikuwa akiziandika huku akiwafikiria dada zake, na ndiyo maana zinasomeka.

Lakini shule yenyewe hasa ni taarifa za mwaka za kampuni. Hivi karibuni kikundi chetu kilikaa na taarifa ya kampuni moja, nami nikaandika ubaoni safu mbili kwa Kiswahili: faida ya mwaka, na fedha taslimu iliyoingia kutokana na biashara. Mama mmoja anayeuza samaki kwa jumla, asiyejua Kiingereza, aliweka kidole kwenye safu ya pili, akauliza kwa nini faida imepanda ilhali fedha imepungua, kisha akajijibu mwenyewe: "Hawa wanakopesha kama mimi, na wadaiwa hawajalipa." Tulipofungua maelezo ya hesabu, tukakuta fedha ambazo kampuni inawadai wateja zimekaribia kuongezeka maradufu. Mwanafunzi wa chuo angejivunia kuliona hilo, na mama huyu alilikosa miaka yote kwa sababu ya lugha tu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ambazo bado hazitoi taarifa kamili za mwaka kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya hesabu, zianze kufanya hivyo. Nalo gazeti lako litenge safu moja kwa wiki ya kuchambua mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, ya kampuni moja, mstari kwa mstari. Niko tayari kuandika za kwanza bila malipo.

Wako msomaji,
Mwalimu wa hesabu za biashara, Morogoro